Mifuko Ukutani kwa Mhudumu

Ashukuriwe Mungu aliyeniumba tumboni mwa mama yangu na kunitoa salama, siku ambayo hakuna aliyemuuliza mama amekuja na nini mkononi. Ashukuriwe kwa pumzi, kwa macho yanayouona bado mstari wa daftari, na kwa subira aliyonipa kidogo kidogo, kama mgonjwa anavyonyweshwa uji wa moto. Baada ya kumshukuru, naomba nimwandike mwanamke mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Mtaani kwetu Kirumba tulimwita Mhudumu, basi. Alinitunzia mfuko wangu wa kujifungulia, na kwa sababu ya mfuko huo likawepo jambo kati yetu ambalo hakuna aliyelisema kwa karibu miaka ishirini. Nilikwenda nalo kupokea Ekaristi, nikarudi nalo kwenye benchi, Jumapili kwa Jumapili, nikijiuliza kama nimemsamehe au nimezoea tu.

Jina la Mhudumu alilipata wodini. Alikuwa yule anayepiga deki wodi ya wazazi, anayebeba mabeseni na kuondoa mashuka. Hakuwa nesi wala mkunga, na ukimwita hivyo alikukatiza. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, alipewa barua, akarudi nyumbani na kandambili zake za kazini ndani ya mfuko wa plastiki. Kazi iliondoka, jina likabaki. Aliendelea kuamka saa ileile ya zamu na kupiga deki chumba chake kwa sabuni ya unga, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na ole wako ukanyage kabla sakafu haijakauka. Mtu huyohuyo alinusa ugoro, na vidole vyake viwili vilikuwa vya kahawia daima. Padri alimuuliza siku moja usafi wake unapatanaje na ugoro. Alijibu kwamba pua ni yake, sakafu ni ya watu.

Hiyo ndiyo miaka tuliyoambiwa tuchangie matibabu. Madukani vitu vilifurika, redio na viatu na sabuni za kila harufu, na viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa kando ya ziwa. Hospitalini vitu vikaisha. Mjamzito alitakiwa aende na vyake: glavu jozi mbili, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, pamba, mpira wa kutandika, sabuni, beseni na khanga. Wengi wetu hatukujua. Tulikwenda na chupa ya chai na imani.

Mhudumu alijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akideki chini ya vitanda vya waliokuja mikono mitupu. Alisimulia mara moja tu, tena mbele yangu, jinsi kitovu kilivyofungwa kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye pindo la khanga ya mama mwenyewe. Hakusema mtoto yule alikuwaje baadaye.

Akaanza kutufungia mifuko. Hatukuwa na chama wala kikao. Alikuona kisimani umeshika kiuno, akakuuliza una miezi mingapi, na kesho yake ukamkuta mlangoni akikutajia vitu vya kununua. Ukishavipata, hukukaa navyo. Sisi tulikuwa wapangaji, chumba kimoja kimoja, na katika chumba kimoja kitu cha akiba hakina pa kujificha. Wembe wa mfuko baba alinyolea ndevu. Sabuni ya mfuko ilifulia sare za shule. Kwa hiyo mifuko yote alikaa nayo yeye. Ilikuwa ya salfeti za viroba vya unga, aliyoishona mwenyewe, nayo ilining'inia kwenye misumari ukutani juu ya kitanda chake, kila mmoja umefungwa kitambaa cha khanga ya mwenyewe ili usichanganywe. Ukiingia pale mchana uliona ukuta mzima umejaa matumbo ya mtaa.

Waume walimkwepa. Mmoja, mchuuzi wa dagaa pale sokoni Mwaloni, alilalamika kwamba glavu ni ghali na kwamba mama yake alizaa tisa bila glavu hata moja. Mhudumu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Baba, mimba uliichangia bila kuombwa. Na glavu changia." Wachuuzi waliokuwa karibu walicheka mpaka yule bwana akatoa hela palepale ili waache.

Alipanga vitu kwa mpangilio wa matumizi, cha kwanza juu. Glavu zilikaa juu kabisa. Alisema, "Nesi hatafuti. Nesi ananyoosha mkono." Na mwanamke alipokuja kuchukua mfuko wake, hata kama anajikunja kwa uchungu, Mhudumu aliufungua mbele yake, akataja kimoja kimoja kwa sauti na kukirudisha, ndipo akamsindikiza. Alikwenda naye hadi lango la hospitali na kuishia hapo. Hakuvuka lango lile tena tangu siku ya barua. Walimwambia hana kazi humo, alisema, naye si mtu wa kuingia kwa watu bila kazi.

Tulibishana jambo moja tu. Mimi nilikuwa mwalimu wa katekisimu parokiani, nikiwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, na yeye aliniita Mwalimu ijapokuwa alinizidi umri kwa miaka ishirini na zaidi. Katika mfuko hakuruhusu nguo mpya ya mtoto. Khanga kuukuu iliyofuliwa ilitosha, na kofia na soksi zingekuja baadaye. Nilimwambia hizo ni imani za kipagani, kuogopa kumtaja mtoto kabla hajazaliwa, na kwamba Mkristo hapaswi kuogopa wachawi. Nilisema kwa sauti ya darasani. Akanusa ugoro wake taratibu.

"Mimi siogopi wachawi, Mwalimu," akasema. "Naogopa mama anayerudi nyumbani na nguo za mtoto ndani ya mfuko. Nimewabebea wengi."

Sikuleta nguo.

Ukweli kwake ulikuwa kama jiki. Aliumwaga bila kupima. Alimwambia mwenyekiti wa jumuiya yetu, tena katikati ya rozari, kwamba anawahi kuomba na kuchelewa kulipa kodi ya nyumba. Alimwambia binti yake wa pekee kwamba mchumba wake ni mlevi, na miaka miwili baadaye alimwambia tena, mbele ya mchumba mwenyewe ambaye sasa alikuwa mkwe. Watu walimwamini kwa sababu hiyo. Ulijua kwamba kama mfuko wako una kasoro, atakuambia hata kama hutaki kusikia.

Nami nilimwamini hivyo. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, baada ya miaka sita ya ndoa na maneno ya mawifi. Mume wangu alikuwa karani bandarini. Alinunua kila kitu kwa orodha, na glavu alizipata duka la dawa, zikiwa ndani ya karatasi zake zilizofungwa. Nilizishika mimi, nikazipeleka kwa Mhudumu kwa mkono wangu. Mfuko ukatundikwa. Nilikuwa na wiki tano mbele yangu.

Wiki mbili baadaye Mhudumu alikwenda Magu kuzika kaka yake. Alikuwa huko siku uchungu uliponishika, wiki tatu kabla ya wakati. Mume wangu alikimbia kwa Mhudumu, binti yake akamtolea mfuko wenye kitambaa cha khanga yangu. Alifungua juu kwa haraka, akaona glavu, akafunga. Tukaenda.

Wodini nesi alikuwa mmoja, na vitanda vilikuwa vimejaa, wengine wamelala sakafuni. Siwezi kumsema vibaya. Alinilaza, akanyoosha mkono ndani ya mfuko, akatoa glavu. Zilikuwa za mpira mnene, za kukatia samaki, kama zile wanazovaa mabinti wa kiwanda cha minofu. Zilikuwa zimechemshwa na kupakwa poda vizuri, lakini chini ya poda ile nilisikia harufu ya sangara.

"Mama, hizi za samaki," nesi akasema. Alijaribu moja, akaivua. "Nitakupimaje kwa hizi? Sisikii kitu."

Akauliza waliokuwa karibu kama kuna mwenye ziada. Hakuna aliyekuwa nayo. Wodi haikuwa na glavu, na miaka ile kila mtu aliogopa damu, hasa aliyekuwa akiishika kila siku. Alimwita mume wangu dirishani, akamtuma duka la dawa. La kwanza lilikuwa limefungwa. Alikwenda la pili, upande wa Mirongo, kwa miguu, mbio. Mimi nilikuwa nasukuma bila kuambiwa. Mume wangu alipofika nazo, nesi alivaa na kufanya kazi yake upesi na vizuri. Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo mara mbili. Mtoto alikuwa msichana. Alivuta pumzi chache, nikazihesabu, halafu sikuwa na cha kuhesabu.

Kama zingekuwa glavu zangu, angeishi? Nimeuliza swali hilo kwa Mungu, na kwa nesi mwingine miaka mingi baadaye. Nesi aliniambia inawezekana, na inawezekana pia isingesaidia. Mungu hajanijibu, nami nimejifunza kutomdai.

Mhudumu alirudi kutoka Magu siku ya tatu. Alikuja kwangu na kanisa zima la akina mama, akakaa chini pamoja nao, akasali nao, akaondoka nao. Mtu aliyemwambia kila mtu kila kitu hakuniambia neno. Nilimtazama vidole vyake vya kahawia vikipita kwenye rozari, nikasema moyoni, ataanza yeye. Naye, nadhani, alikuwa akisema ataanza Mwalimu.

Niliyajua mengine kwa njia ambayo sikuitafuta. Arobaini ilipopita, alikuja kunipa pole mama mmoja wa mtaa wa juu, huko kwenye mawe, naye alikuwa amejifungua wiki moja kabla yangu. Alimwacha mtoto wake kwa jirani ili asinitie uchungu, moyo wake mwema. Katika mazungumzo alieleza kwamba damu ilimwanza ghafla akiwa hana hata uzi, akajikokota hadi kwa Mhudumu, na Mhudumu akachukua glavu na pamba kutoka mfuko wa mtu mwingine, akampa. "Sijui ulikuwa wa nani," akasema. "Mungu ambariki huyo mtu."

Nikamwitikia, "Amina."

Mtoto wake alikuwa wa kiume. Alikua machoni petu. Alipofikisha umri wa komunyo ya kwanza aliingia darasani kwangu, akakaa safu ya mbele, mwerevu, anayeuliza maswali. Nilimfundisha amri za Mungu na sala ya kutubu. Kuna siku nilimtazama midomo yake inavyotamka nikalazimika kutoka nje kujifanya natafuta chaki.

Mimi na Mhudumu tuliendelea kusalimiana. Shikamoo, marahaba, habari za asubuhi. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa salamu zetu zilikuwa kamili, hazikukosa kitu. Nilipopata mimba ya pili niliuweka mfuko chini ya kitanda changu mwenyewe, na mtaa ukashangaa. Mimba ilipofika mwezi wa nane Mhudumu alipiga hodi. Aliingia, hakuketi. Aliweka mezani jozi nne za glavu ndani ya karatasi zake, akazilinganisha kingo kwa kidole kama alivyozoea, akaaga. Nilikuwa na zangu tayari. Nilikaa na zile za mezani siku nzima bila kuzigusa. Mwisho nikaziweka mfukoni, juu. Mwanangu yule alizaliwa salama kwa mikono iliyovaa glavu za Mhudumu, na baada yake akaja wa mwisho, namshukuru Mungu kwa wote wawili.

Baadaye mifuko ukutani kwake ilipungua. Wanawake walijifunza kujifungia wenyewe, na kliniki zikaanza kutoa orodha. Miguu yake ikavimba, macho yakaingia ukungu, na binti yake akamchukua kwake Butimba. Nilisikia. Sikwenda. Nilisema nina darasa, nina wageni, mvua imenyesha. Nilikuwa nawafundisha watu wazima juu ya msamaha siku za Kwaresima, na nilipofika mstari wa kuacha sadaka yako mbele ya altare uende kwanza ukapatane na ndugu yako, sauti iliniishia. Wakadhani ni mafua. Jumatano iliyofuata nikaenda Butimba.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani, amejifunga khanga mbili, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Binti yake alinikaribisha, akaingia ndani kupika chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti ya nani hiyo?"

"Mwalimu. Wa Kirumba."

"Umechelewa," akasema. "Nilidhani utakuja mwaka ule nilipoanguka."

Nilimwambia kazi zilinibana. Akasema ndiyo, kazi. Tukazungumza juu ya ziwa, magugu yaliyojaa mpaka gatini, bei ya samaki wetu wenyewe ambayo hatuiwezi tena. Binti alileta chai na viazi vitamu, akarudi jikoni. Mhudumu aligeuza uso upande wangu, ingawa nadhani aliona kivuli tu.

"Uliza," akasema.

"Niulize nini, mama?"

"Usinichoshe, Mwalimu. Mimi sina siku nyingi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengine, ya upole, niliyoyapanga njiani kote. Yaliyotoka ni haya: "Kwa nini hukuniambia?"

Alitikisa miguu ndani ya maji. Alieleza kwanza ya yule mama wa mtaa wa juu, kwamba damu ilikuwa imefika kwenye kandambili, na ukutani palikuwa na mifuko kumi na mmoja, na wangu ndio uliobakiwa na siku nyingi kuliko yote. "Akija leo vilevile, natoa vilevile," akasema. "Kwa hilo sikuombi radhi, na padri nimemwambia hivyohivyo."

Nilisema naelewa. Na kweli nilielewa, nilikuwa nimeelewa miaka yote.

"Huelewi," akasema. "Nilizunguka maduka matatu, sikupata. Msiba ukanijia. Basi nikachukua zile za mpira za binti mmoja jirani wa kiwandani nikazichemsha. Nilijua hazifai, Mwalimu. Miaka kumi na minne wodini, nisijue? Niliziweka ili mfuko usionekane mtupu mtu akiuangalia. Niliona aibu. Ningeacha pengo, mumeo angeliona. Angenunua njiani."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimehesabu glavu alizozitoa, kumbe jeraha lilikuwa kwenye zile alizozitia. Nikamwona mume wangu, marehemu sasa, akifungua mfuko juu na kuufunga, ameridhika.

"Na ningekuambia," akaendelea, "ungewaambia wenzako, na ungekuwa na haki. Wangekuja kuchukua mifuko yao. Wangenyolea ndevu wembe. Nikasema nitanyamaza mwaka mmoja. Halafu ukapita."

Neno la msamaha nilikuwa nalo, nimelifundisha kwa watoto zaidi ya mia, na lilikataa kutoka. Kuku alikuja akanywa maji ya beseni pembeni ya miguu yake, hakumfukuza.

Kisha akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayeomba kazi. "Yule mtoto. Mlimpa jina?"

Nikamwambia ndiyo. Nesi alimmwagia maji kichwani kumbatiza kabla pumzi hazijaisha, akaniuliza aitwe nani, nikamtajia. Halikuandikwa mahali popote. Baada ya mazishi hakuna aliyewahi kuniuliza, si wifi, si mama yangu, si padri.

"Kila siku namwombea," akasema Mhudumu. "Namwita yule mtoto wa Mwalimu. Mungu anamjua. Mimi ndiye sina namna ya kumwita."

Niliweka kikombe chini. Nilijua nikimtajia nitakuwa nimempa kitu ambacho hakuna mwingine aliye nacho, na nikimnyima nitarudi Kirumba kama nilivyokuja.

"Leokadia," nikasema.

Alilirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Akalirudia tena. Halafu akaingiza mkono kifuani, akatoa rozari, akaanza bila kunikaribisha, na nilipoona anaanza nami nikashika yangu.

Alifariki kabla ya Pasaka. Kama siku ile nilimsamehe, sikulisikia likitokea. Nilisikia tu watu wawili wakimwombea binti yangu kwa jina lake.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akutunze na wa kwako. Akupe mikono iliyo tayari siku utakayoihitaji, akupe ulimi wa kusema mapema palipo na pengo, na wale uliowazika bila kuulizwa majina yao, awaite yeye mmoja mmoja, nawe uwakute kwake. Amina.